Anaogopa Mifagio

Kadi ya kizimba cha kumi na nne imeandikwa kwa kalamu ya bluu:
Bramble. Jike. Miaka kumi na mmoja, labda kumi na miwili.
Hapendi ngazi. Anaogopa mifagio.

Na mwenye ufagio ni mimi.

Saa kumi na moja alfajiri basi la kwanza la Hanley
hunishusha mimi na baridi, abiria wawili, tiketi moja.
Nafungua mlango wa bati, kelele zinanipokea
kama darasa lililokimbiwa na mwalimu.
Wa kumi na tatu ananirukia. Wa kumi na tano anatafuna ndoo.
Wa kumi na nne anageukia ukuta,
anangoja kipigo nisichokianza mimi.

Nisichokianza?
Kwetu Usangi tulikuwa na Simba,
jina kubwa, mnyororo mfupi, chakula chake ukoko.
Tulimpenda, nadhani,
kama mtu anavyoipenda kufuli:
maadamu inafunga, huitazami.
Na wa jirani tulimpima shabaha kwa mawe.
Mkono huu ulikuwa haukosei.

Nikauacha ufagio stoo.
Nikapiga magoti na tambara, nikasugua saruji
hadi maji yakatoka meupe.
Bi Colclough akanichungulia juu ya miwani:
"Hayo magoti ni yako, Mbwambo."
Nikasema ni yangu.
Siku ya tisa aligeuza kichwa.
Siku ya kumi na sita pua yake ikagusa sikio langu,
baridi kama sarafu.

Jumamosi watu huja.
Huisoma kadi kuanzia chini, kama risiti.
Vitoto hamna? Mweupe je?
Wakifika kwenye umri husema "masikini"
na neno hilo huliacha palepale mlangoni;
haliliwi, halifuniki.
Siku moja mwanamume alimleta wake mwenyewe,
mwenye nyumba mpya hataki mbwa.
Alilia hadi akasahau kuiachia kamba.
Sikumhukumu. Na mimi nimewahi kufunga begi
huku kuna anayenitazama.

Fomu ina kurasa sita. Fomu nazijua.
Unaishi na nani? Kodi unalipaje? Mwakani utakuwa wapi?
Serikali iliniuliza hayo hayo,
kisha nikangoja barua miezi kumi na tisa.
Penye "idadi ya wakazi wa nyumba" niliandika moja,
na kalamu ikabaki pale pale, ikavujia karatasi.

Ngazi za kwangu ni kumi na saba.
Nambeba. Ananung'unika. Nanung'unika.
Usiku anakoroma kuliko marehemu baba,
na nyumba iliyozoea kusikia friji tu
sasa ina mtu wa kulaumiwa.

Kizimba hakikulala kitupu.
Jumatatu nilikuta kadi nyingine, wino haujakauka.
Ndipo nilipoandika langu, kwa herufi kubwa,
nikalibandika kwenye kioo cha kinyozi kule Longton,
chini ya bei ya panki:
USINUNUE MBWA. WAPO. WANANGOJA. MUULIZE MBWAMBO.

Wakacheka mpaka mashine ikazimwa.
"Mbwambo na mbwa! Jina lilitangulia!"
"Umeshakuwa Mzungu. Koti umemnunulia?"
Nimemnunulia. Jekundu. Pauni nne, duka la mitumba.
Wacheke. Mimi nilirusha mawe, wao wanarusha maneno;
maneno hayavunji mguu.

Wiki iliyopita Mulamba alikuwa akininyoa kisogo,
duka limebaki la watu wawili.
Akainama, akauliza kwa sauti ndogo,
kama mtu anayeulizia deni lake:
"Yule wa kumi na tano,
bado anatafuna ndoo?"

Bado, nikamwambia. Hii ya sasa ni ya tatu.