Jirani Tunamlipa Lini

Miaka kumi na minne, hapa Kitangari,
nimefundisha kukopa.
Hamsini na mbili toa ishirini na saba:
"Mbili toa saba haiwezekani. Nenda kwa jirani,
kopa moja, rudi, andika."
Darasa zima liliitikia. Chaki ikiisha nilichukua nyingine.

Mwezi wa kumi, mnada umechelewa,
Shaweji wa darasa la tatu akanyoosha mkono:
"Mwalimu, huyo jirani
tunamlipa lini?"

Wenzake wakacheka. Nikamwambia akae.
Kwao, najua, jina la baba limejaa daftari la duka,
na baba akimwona mwenye duka hupita nyuma ya vyoo.
Mtoto hakuwa na mzaha.

Alhamisi, baada ya kengele, walimu saba
kwenye madawati ya watoto, magoti juu,
nikalitoa swali lake kama mtu anayempa fundi kiatu.
Chinguile akasema: kanuni ni kanuni.
Somoe hakusema. Alitoka, akarudi na korosho ghafi
ndani ya pembe ya kanga,
akazifunga kumikumi kwa vitambaa:
mafungu matano, na mbili pembeni.
"Haya, nipeni saba."

Tukazitazama zile mbili.
Muda ukapita. Kisha Chinguile mwenyewe
akafungua fundo moja kwa meno,
kumi zikamwagika juu ya mbili.

Hakuna aliyekwenda kwa jirani.
Mali ilikuwa yetu tangu mwanzo,
imefungwa tu.

Somoe hakutuachia tupumue. Akaandika ubaoni:
8 + 4 = ☐ + 5
Chinguile akajaza kumi na mbili.
Na mimi, sifichi, kwenye daftari langu, kumi na mbili.
"Ghalani," akauliza, "karani akisema *sawa*,
mnaitikia *sawa*, mnaondoka?"
Thubutu! Sisi tunaokodolea mshale mpaka macho yawashe,
tunaouliza gunia tupu lina uzito gani?
"Basi vimstari hivi viwili ni mizani, si amri ya kutoa jibu.
Huku nane na nne. Huku tano, na gunia lililoshonwa.
Ndani mna nini?"

"Saba," akasema mtu, polepole,
kama anayetaja jina la marehemu.
Nilikuwa mimi.
Niliwahesabu kimoyomoyo niliowapiga mkasi mwekundu
miaka yote hiyo, nikaacha kuhesabu.

Ijumaa nikamwita Shaweji mbele.
"Hatumlipi," nikasema. "Hatukumkopa kitu."
Nikafungua fungu aone.
Akazigusa moja moja, akafika kumi, akanyamaza.
Halafu:
"Na kwenye mia tatu na mbili, mwalimu,
pale kwenye makumi hamna fungu hata moja.
Tunafungua nini?"

Nikampa chaki.
Safari hii nikakaa mimi.