Dola Tatu kwa Raundi

Aprili, Wisconsin. Theluji imeaga
lakini tope halijapata habari.
Nimeketi langoni mwa uwanja wa kaunti
na kopo la chenji lililokuwa la biskuti,
glavu nimezikata ncha
ili vidole vipate kuhesabu sarafu.

Dola tatu kwa raundi.
Ukilipia tano, ya sita bure.
Mtoto aliyeazima farasi halipi kitu
ila azoe mavi mpaka jioni,
na asinung'unike nikiwa karibu.

Mnajua yale maonyesho makubwa ya Julai:
hoteli, kibanda, koti la vimetameta,
mtu wa kumnyoa farasi masikio.
Huko mnyama anayekufika kiunoni
hukula mshahara wa miezi miwili
kisha akakutazama kama hajashiba.

Hapa vikwazo ni mpini wa ufagio
juu ya matofali mawili.
Tepe ni za mashindano ya sungura, za mwaka juzi;
usiku kucha nimebandika karatasi ya duara
juu ya kila sungura,
na bado masikio yanachungulia.

Mwamuzi wetu ni Roswitha Janke.
Goti lake bovu, sauti yake nzima.
Sharti la hapa ni moja: mwamuzi haruhusiwi kunyamaza.
Akiona kosa anasimamisha raundi,
anachechemea hadi kwako, anakurekebisha kiwiko.

Saa nne akaingia Leland Wojcik,
dereva wa lori la maziwa,
mrefu hata akiinama hafiki.
Nyuma yake Klementina, inchi thelathini na mbili,
rangi ya chai iliyozidi maziwa.
Alimpata mnadani. Hakuna aliyenyosha mkono,
anasema, basi wa kwake ukanyoka wenyewe.

Raundi ya kuruka. Mtu hukimbia kando ya farasi,
farasi huruka, mtu hupita pembeni.
Leland alikimbia. Leland aliruka yeye,
juu, miguu yote miwili, kofia ikabaki hewani.
Kigwe kikakazika.
Klementina alisimama upande wa pili wa ufagio
akamtazama, akainama, akachuma jani.

Tulicheka hadi kahawa ikamwagika.
Yeye hakucheka. Shingo ilimwiva,
nami nikaona aibu ya kucheka,
maana siku yangu ya kwanza hapa
nilimwongoza farasi hadi katikati ya uwanja
nikakuta nimeshika hatamu tupu.

Roswitha alikwishafika kwake.
“Umeruka vizuri,” alimwambia. “Lakini sikuwa nikikupima wewe.
Legeza kigwe. Tazama mbele, kule kwenye bendera.
Ukigeuka kumtazama usoni
anadhani una neno la kumwambia,
anasimama kukusikiliza.”

Mara ya pili, hapana. Ya tatu alizunguka tofali.
Ya nne Leland alitazama bendera
kama mtu anayesubiri barua,
na nyuma yake zikasikika kwato mbili, kimya,
kisha mbili nyingine.
Ufagio ulianguka. Haidhuru.

Alikuja mezani na noti tatu zilizolowa.
“Niandike tena.”
Raundi imefungwa, nikamwambia,
wenye kusubiri ni wa magari, wamekwisha kufunga farasi wao.
Akabaki palepale, noti mkononi,
na yule mdogo akisugua paji lake kwenye goti la suruali.

Nikachukua kalamu. Raundi ya Ziada, nikaandika,
mshiriki mmoja.
Akawa wa kwanza, akawa wa mwisho,
Roswitha akampa utepe wa buluu kwa uso wa mahakama.

Hesabu ya siku: dola mia moja na kumi na nane.
Baada ya nyasi, kahawa na kukodi choo,
tumebaki na nne, na glavu moja isiyo na mwenyewe.
Lori la Leland limetoka langoni taratibu.
Dirisha la trela liko wazi,
na utepe umo mdomoni mwa Klementina,
umebaki nusu.