Akiba Huoza

Tsiala aliiweka simu juu ya meza yangu
kama mtu anayeweka yai lenye ufa.
Kioo kilikuwa kimeinuka upande mmoja,
betri imeumuka ndani, unga uliozidiwa hamira.

Kibanda changu kina upana wa mikono miwili,
kwenye njia ya chini ya ardhi, stesheni ya Tbilisi.
Juu yetu mabasi yalikuwa yakikanyaga theluji.
Nikamwuliza: huwa unaichaji vipi?

"Usiku kucha. Na mchana, nikiwa nyumbani.
Huwa dirishani, juu ya bomba la joto,
ndipo waya unapofika.
Haijawahi kushuka chini ya tisini na tano.
Mwanangu Zviad anaendesha malori Poland.
Hasemi atapiga lini."

Nikaifungua kwa kijiti cha plastiki, taratibu,
maana betri iliyovimba haisamehe chuma.
Nikamwambia ninayowaambia wote:
mama, joto ndilo linaloila. Na shibe.
Kuishikilia kwenye mia usiku baada ya usiku
ni kumwambia mtu avute pumzi, asiitoe.
Ikifika themanini, chomoa.
Ikikaribia ishirini, chomeka.
Watu husema akiba haiozi.
Hii huoza.

Alisikiliza, glavu moja mkononi, nyingine mdomoni.
"Na akipiga ikiwa ishirini na moja?"
Mtaongea saa nzima, na itabaki.
"Saa nzima!" akacheka.
Akalipa kwa sarafu, na chupa ya jamu ya jozi.

Mwezi wa nne akarudi. Hakuna kilichoharibika,
alitaka tu niipime.
Alikuwa na daftari la hesabu, la mtoto wa shule:
tarehe, kuchomeka, kuchomoa.
34, 79.
28, 80.
21, 80, hiyo kaipigia mstari,
kwa hofu au kwa fahari, sikuuliza.
Safu ya nne ilikuwa na jina tu juu yake, Zviad,
na chini yake miraba mitupu, kurasa sita.

Mashine ikasoma: afya, asilimia mia.
Nzima kuliko zote nilizopima mwaka huu.
Simu za wanaopigiwa huja kwangu zimechakaa,
zina jasho la shavu, zinazimika katikati ya neno.

"Unaitunza vizuri," nikamwambia.

Akatoa kalamu,
akaliandika hilo kwenye safu ya nne.