Mgeni wa Tashtiti

Kaja Amu toka mbali, Mkazaki, ni Yerlani,
"Kwetu wanacheza kweli, mbuzi yuko uwanjani,
Hana kichwa, bado mwili, wauvuta farasini."
Nikauliza, "Na wali? Hamumpiki, kwa nini?"

Mbio za punda kufika, nami goti limevimba,
Yerlani juu karuka, bila tandiko na kamba,
Wenziwe wakatoweka, Tashtiti kanusa nyumba,
Maganda akayasaka, huku Langoni kwaimba.

Fimbo nikamrushia, hakutaka aishike,
Shingo akakumbatia, kanena kwa lugha yake.
Wa mwisho wakaingia, punda na mgeni wake.
Wali nikapakulia, na kichwa cha mbuzi: chake.