Mkaguzi wa Mishono

Miaka kumi na tisa nilikagua mashati
kiwandani Võru, meza ya mwisho kabla ya pasi.
Kola, kikwapa, pindo, kishikizo.
Shati lililoshonwa vyema halikuwa na la kuniambia.
Nililisubiri lile lenye uzi mmoja uliochomoza,
mfupi kama kope,
nikauvuta taratibu, na bega zima likaachia.

Kisha kiwanda kikaufuata ujira wa chini zaidi.
Tukapewa keki, barua, na mashati mawili mawili.
Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu.
Ofisi ya ajira wakaniuliza: unajua nini?
Nikasema: najua kitu kitaachia wapi.
Yule kijana hakucheka. Aliandika.

Majira yale ya baridi nilisoma jikoni,
kompyuta kuukuu ya mwanangu Ranno juu ya kitambaa cha meza,
kitufe cha R kimeng'oka.
Kompyuta moja, ukurasa ulisema,
ina milango elfu sitini na tano na ushei.
Nikainuka kutazama kama wetu mmoja umefungwa.

Nilijifunza maneno kama mtoto ajifunzavyo matusi:
kwanza sauti, halafu, kwa aibu, maana.
Ranno alinitegea mitego kwenye mashine ya majaribio
nami nikaitafuta hadi uji ukaungua.
Siku moja nilikisia nywila yake mwenyewe:
jina la mbwa aliyekufa, na mwaka aliokufa.
Akanyamaza. Kisha akasema, Mama, unatisha.
Kiwandani sikuwahi kusifiwa hivyo.

Mtihani wa kwanza nilifeli kwa alama nne.
Wa pili sitausimulia.

Maombi ya kazi thelathini na moja, majibu sita.
Bwana mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa,
kama nimekuja kumwombea mwanangu.

Sasa naketi chini ya hospitali moja mjini Tartu,
zamu ya usiku, skrini tatu, chupa ya chai.
Mistari inapita, inapita:
nani kaingia, saa ngapi, kutoka wapi, kafungua nini.
Wenzangu vijana huitazama kama mvua dirishani.
Mimi huipitishia kidole, kama kitambaa.

Saa tisa na dakika kumi na mbili, theluji nje,
akaunti ya Maimu Laanes iliingia.
Jina sahihi. Nywila sahihi, mara ya kwanza.
Hakuna kengele iliyolia.
Ila Muuguzi Maimu tulimuaga Februari,
nilikula keki yake kwa mikono hii.
Sasa anafuga nyuki, na saa tisa usiku
nyuki na mwenye nyuki wote wamelala.

Uzi.

Nikauvuta taratibu.
Maimu anafungua ratiba ya dawa.
Maimu anabisha hodi kwenye nakala rudufu.
Maimu anahesabu vitanda.
Mikono ilinitetemeka, nikikana nitakuwa mwongo.
Nikaifunga akaunti, nikaitenga mashine,
nikampigia mkuu wangu Aare,
aliyepokea simu akidhani amefiwa.

Tulifuata hadi kukapambazuka, mshono kwa mshono,
tukafika kwenye barua pepe moja ya Novemba:
mnunuzi wa mjini, oda ya asali, mitungi arobaini,
tafadhali bofya hapa kuthibitisha.
Si ujinga wake. Walijua anachokipenda.
Kikulacho ki nguoni, na nguo
ndizo nilizozikagua miaka kumi na tisa.

Asubuhi wagonjwa walipata dawa zao
na uji wa shayiri, wakalalamika umepoa.
Hicho ndicho kilichotokea hospitalini siku ile.

Mchana nilimpigia Maimu, nikamweleza polepole.
Aliuliza jambo moja tu:
kwa hiyo yule mnunuzi hakuwepo?
Hakuwepo, nikasema.
Nikasikia pumzi yake, na nyuma yake saa ya ukutani.
Mitungi, akasema, nilikuwa nimeshaiosha yote.