Kibonye Bubu

Gyumri, theluji imefika dirishani.
Nvard anatunga jikoni,
piano imebanwa na jokofu,
kibonye kimoja bubu tangu lile tetemeko.

Ameandika, amefuta.
Birika linaimba fa;
anaiacha iingie.

Ukutani hana picha ya mtu mashuhuri.
Ana mwanzi mkavu wa zumari,
aliopewa na Sedrak, mpigaji wa mazishini,
aliyevuta pumzi puani huku akipuliza,
waombolezaji wakasahau kulia, wakasikiliza.

"Usiniige," alimwambia. "Mimi
nilimwiga baba miaka kumi,
nikaambulia kikohozi chake tu."

Usiku wa manane wimbo unafika
penye kibonye bubu.
Hakikwepi.
Anakibonyeza: ko, mbao tupu.
Anaiandika hiyo ko.