Kusudi la Safari

Somoe kaleta taa,
mkekani tukakaa
ikishapita Ishaa,
na hesabu mapajani.

Kopo kukuu la bati:
shilingi, sarafu, noti,
na risiti kwa risiti
za chokaa, Mkomani.

Kuta nimezikandika,
tangu ujana napaka,
mikono ikachubuka,
chokaa hadi kuchani.

Gazeti la misumari
lilikuwa na habari,
picha, mawe ya fahari
wima karibu na pwani.

Malta, kisiwa kidogo,
kama chembe ya muhogo
imenasa kwenye jego
la bahari, ramanini.

Walojenga zama zile,
piramidi bado mbele,
hawana chokaa. Yale
mawe yashikwa na nini?

Zangu, mvua zikinyesha
mara tatu, zajivisha
ukungu, zaanza kwisha,
zatiririka njiani.

Usiku sipati lepe.
Somoe kasema, “Nipe
kalamu; tusiogope,
tukaulize jiweni.”

Tutakwenda lini? Mwezi
wa Mfungo hatuwezi.
Maulidi, nina kazi
mbili, tatu, za Langoni.

Basi iwe Januari,
nauli haina shari.
Famau, mpwa hodari,
akapekua simuni.

Nauli ya ndege, mbili;
sweta, baridi ni kali,
za mitumba, sio ghali,
kazipata mnadani.

Juu kwangu ni jukwaa
la mikoko, nikakaa
na ndoo tele chokaa,
si kufungwa mawinguni!

Kuhesabu, hazitoshi.
Tukarudia kibishi,
tukafuta na mapishi
ya nyama, hadi Shabani.

Punda atunzwe na Shee,
majani amletee,
jua lisimwelemee,
amfunge kivulini.

Na lugha yao, sikia:
sita ni sita; dunia
ni dinya; bahari pia
ni bahar. Tu majirani!

Somoe kacheka sana:
“Tukipotea mchana,
sita, sita, tutanena,
tufikishwe hotelini.”

Famau kaleta fomu
ndefu kushinda Saumu,
maswali kama hukumu
ya mtu wa kizimbani.

Benki mmeweka ngapi?
Mtalala chumba kipi?
Mtarudi lini, vipi?
Nani angoja nyumbani?

“Punda,” Somoe kasema.
Famau katutazama,
peni ikabaki wima,
hajui aweke nini.

Picha: kucheka makosa.
Yeye hawezi kabisa.
Mara ya sita ni sasa
na jino lipo pichani.

Wageni waja Desemba,
wapapasa kuta, nyumba,
zidaka ndani ya chumba
nilozichonga zamani.

Sijamuuliza mtu
benki yake ina kitu,
wala kwao ana watu
wangojao mlangoni.

Nilisema tu, “Karibu,
ila mbichi, taratibu.”
Wakigusa, sina tabu,
alama zabaki ndani.

Likabaki swali moja.
Kimya, Famau angoja,
usingizi ushakuja.
“Kusudi lenu ni nini?”

Kalamu nikaishika,
chokaa ikamwagika
nyeupe kwenye waraka,
chembe za toka kuchani.

Somoe kasema, “Acha,
hilo vumbi nalo picha.”
Nikaandika, kukicha:
“Kugusa jiwe, jirani.”